Baiskeli ya Kija na Behewa Tupu

Siku hizi kila mtu hapa Mwabalebi anamsifu Kija. Treni ikisimama na baiskeli zikianza kupakiwa, utasikia, "Ah, yule mama katusaidia jamani." Waongo wakubwa! Nilikuwapo. Nilisimama nao pale kwenye jukwaa la kituo walipokuwa wanamgeuzia kisogo, na mimi kisogo changu kilikuwa cha kwanza kugeuka. Sasa eti wanamsifu. Mimi Teodora simsifu mpaka leo, na nikieleza habari zake nitazieleza zilivyokuwa. Kija ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Nestory, na tangu siku alipoletwa kwetu hatujapikika chungu kimoja.

Tuanze na mguu, maana hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio akiwa mtoto, ukabaki mwembamba, hauna nguvu hata ya kukanyaga sawasawa. Nestory akamwona huko Magu kwenye ngoma, akapenda, akachukua ng'ombe wa marehemu mama yetu akawapeleka kwao. Mimi nilisema mbele ya watu, sikujificha, kwamba ndugu yangu kauziwa mbuzi kwenye gunia. Kija alikuwa amekaa palepale na kanga yake ya harusi. Akanijibu, "Wifi, mbuzi akitoka kwenye gunia kazi yake ni kupiga pembe. Jiandae." Watu wakacheka mpaka wakaangusha vibuyu. Mwanamke gani mgeni anajibu hivyo siku ya kwanza?

Alikuja na baiskeli. Baba yake ndiye aliyempa, Swala kuukuu ya kiume, yenye kile chuma cha katikati. Aliuweka mguu mzima kwenye pedeli na kuufunga kwa kanda la mpira, ule mwingine akaufunga kwenye fremu usiningʼinie, halafu anakwenda. Akiwa chini anachechemea, ukimtazama unachoka wewe. Akiwa juu ya baiskeli anawapita wanaume. Nilimwambia ni aibu, mwanamke wa kwetu kupanua miguu juu ya baiskeli ya kiume. Nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Langu lilishavunjika, wifi," akasema. "Hiyo methali tafuta mwingine umwambie."

Jeuri! Na jeuri hiyo haikupungua hata Nestory alipoondoka. Mdogo wangu alikwenda machimboni upande wa Geita kutafuta dhahabu, akaahidi kurudi tajiri. Hazikurudi hata salamu. Mtoto wao akapelekwa kwa bibi yake Magu, na Kija akabaki na shamba la nyanya, baiskeli, na ule mdomo wake.

Maisha yake yote alikuwa ameyapanga kwa treni. Mwabalebi si stesheni ya maana, ni kituo kidogo baada ya Fela, jukwaa la udongo na kibanda cha mabati. Lakini treni ya Tabora ilikuwa inasimama asubuhi, na kule mkiani kulikuwa na behewa la mizigo ambamo tulitia baiskeli zetu. Unashuka Mwanza Kusini, unafunga tenga lako kwenye keria, unapiga pedeli mpaka sokoni Mkuyuni. Ukiuza mapema unaendelea mpaka ziwani, upande wa Ilemela, unanunua dagaa, jioni unarudi na treni. Nusu ya kijiji tuliishi hivyo. Tofauti ni kwamba sisi wengine baiskeli ikikosekana tunatembea. Kija, kutoka stesheni hadi sokoni na tenga kichwani, asingefika hata akianza alfajiri.

Zikaja zama za ruksa. Kila kitu ruksa, mitumba ruksa, mabasi ruksa. Ndalahwa, jirani yetu wa kule juu, akauza ng'ombe akanunua basi, la kwanza hapa kwetu, akaanza kutembea na funguo zikilia mfukoni ili tujue. Na mwaka huohuo treni ikaanza kututenga. Mwenye bendera wa kituo akapunguzwa kazi, kibanda kikafungwa. Halafu likaja hili la baiskeli. Gadi wa treni, Venant, Mhaya mmoja aliyenyoosha sare yake kwa pasi mpaka inakata, akasimama mlangoni mwa behewa la mkiani akasema, "Amri imetoka. Baiskeli ni mzigo. Abiria wapande, baiskeli zibaki."

Zibaki wapi? Tukaenda kwa Ndalahwa. Huko baiskeli zilirushwa juu ya basi, moja juu ya nyingine, zikashuka na rimu zimepinda, na nauli ilipanda kila alipoamka vibaya. Sisi tulinung'unika tukalipa. Kija siku moja walimpandisha kwa kumvuta mkono kama gunia, na baiskeli yake wakaisahau Mwanza. Aliposhuka hapa hakuwa nayo. Alirudi nyumbani akishikilia kuta na miti, watu wanamtazama. Niliona kwa dirisha. Alipofika kwake hakulia, alitukana. Alimtukana Ndalahwa, akatukana reli, akamtukana na Nestory kwa pamoja, halafu akaapa kwamba basi lile hatalipanda tena mpaka afe.

Akaanza vita vyake. Alikopa baiskeli, maana yake ililetwa baada ya wiki, akaenda mjini, kwenye ofisi za reli. Wakamwambia njoo Jumatatu. Jumatatu bosi yuko semina. Kija naye akaingiza baiskeli ukumbini, akakaa sakafuni kando yake. Karani akamfokea aitoe. Kija akamwuliza, "Kipofu akija hapa mnamnyang'anya fimbo mlangoni?" Wakamtoa yeye na baiskeli. Akarudi tena, na tena, akawa anajulikana mpaka mlinzi akimwona kwa mbali anafunga geti.

Huku kijijini alipita nyumba kwa nyumba. Alitaka kila siku ya treni sote tuende kituoni na baiskeli zetu, tusimame nazo, tukataliwe hadharani, wiki baada ya wiki, mpaka wachoke wao. "Mmoja mmoja wanatuona wajinga," alisema. "Tukijaa jukwaa zima wataona ni watu." Nilimwambia ana kiherehere. Lakini nilikwenda. Nilikwenda kwa ajili ya nyanya zangu, nisisingiziwe mapenzi. Venant akatukataa msimu mzima, na kila akitukataa Kija anamjibu, na kila akijibiwa Venant anazidi kuvimba.

Mpaka siku ile. Nyanya zilikuwa zimeiva kupita kiasi, zinapasuka zenyewe kwenye matenga. Venant akatuambia baiskeli hazipandi, kisha akaongeza kwa sauti kama ya mtu anayesoma tangazo, kwamba kuanzia mwezi unaofuata treni haitasimama kabisa Mwabalebi. Akageuka kuinua bendera yake.

Kija akaweka kiganja mdomoni akapiga mwano.

Anayeishi kwetu hahitaji kuelezwa, lakini kwa mgeni niseme. Mwano ni yowe la mwizi. Tangu sungusungu waanze kulinda vijiji vyetu, ukisikia mwano unaacha jembe, unaacha chungu motoni, unakimbia na silaha, na asiyetokea anatozwa faini. Na mwizi akikamatwa, Mungu amsaidie. Kwa hiyo mwano haupigwi kwa mchezo, ng'o! Ulipotoka mdomoni mwa Kija, mashamba yote yakaitika. Nikaona wanaume wanatoka kila upande na marungu na sime, wengine na pinde, wakaizunguka treni. Mbele yao mzee Shimba, mkuu wa sungusungu wetu, anahema.

"Mwizi yuko wapi?"

Kija akanyoosha kidole kwa Venant. "Yule pale. Anatuibia treni."

Lo! Yule Mhaya wa watu alibadilika rangi. Kofia ilianguka na hakuiokota. Vijana walishamshika mguu wanamvuta, na mimi nasema bila kuficha, kama Shimba asingepiga kelele wasimame, tungemzika gadi siku ile. Walipomwachia, Venant alijikung'uta vumbi. Alifungua behewa la mkiani, akapakia baiskeli zote, moja moja, yeye mwenyewe.

Na ajabu ikatokea. Wakubwa wa reli walipopata habari, sijui ni woga au ni aibu, wakakubali. Treni itasimama Mwabalebi na baiskeli zitapakiwa, ila kwa majaribio: wakiona abiria hawapo, kituo kinafutwa. Venant mwenyewe ndiye aliyeleta maneno hayo, akiyasema kutoka dirishani, mbali na mikono yetu.

Tungecheza ngoma. Badala yake tukaitwa barazani, kwa sababu mwano wa uongo ni kosa, na kosa hilo lilikuwa karibu kuua mtu. Hapo ndipo Ndalahwa aliposimama. Aliongea vizuri, mshenzi yule. Alisema mwano ni ukuta wetu, na mtu akiutoboa leo kwa ajili ya baiskeli, kesho mwingine ataupiga kwa ajili ya kuku, na siku wezi wakija kweli hakuna atakayetoka. Watu tukaitikia. Shimba akamwambia Kija alete dume la ng'ombe, akiri mbele ya watu kwamba alidanganya, yaishe.

"Sikudanganya," Kija akasema. "Tulikuwa tunaibiwa. Na mwizi mwingine amekaa hapa na funguo mfukoni."

Basi. Akatengwa. Mtu asimsalimie, asimwitikie salamu, asimpe moto wala chumvi, asikae naye kunywa, asikae naye msibani. Ndalahwa akaongeza, "Wala safarini." Na atakayemsemesha, naye ametengwa. Tukapiga makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, maana nilikuwa nimengoja miaka mtu amnyamazishe yule mwanamke. Hakuna aliyefikiri. Mmoja tu ndiye aliyekuwa amefikiri.

Siku ya treni tukafika kituoni na matenga na baiskeli. Kija naye akafika. Akashuka, akachechemea mbele yetu, akasalimia kila mtu kwa heshima. Akanifikia. "Shikamoo, wifi." Nikatazama reli. Treni ikasimama, akapanda. Na sisi tukabaki chini tunaangaliana, maana ndipo tulipoelewa. Yeye yumo safarini. Tukipanda, tumesafiri naye.

Mtu akauliza kama tunaweza kukaa behewa jingine. Shimba akakuna kichwa. Ndalahwa, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kutusindikiza kwa upendo wake wote, akamwuliza, "Mzee, nyumba yenye vyumba vingi ni nyumba ngapi?" Shimba akasema ni moja. Ikawa hukumu. Honi ikalia, treni ikaondoka na Kija peke yake, na basi la Ndalahwa lilikuwa linatungoja barabarani, mlango wazi.

Ungetaka kumwambia ashuke, utamwambiaje? Ukifungua mdomo umejitenga. Treni iliyofuata nilijaribu. Nilikuwa na kuku kwenye kikapu, nikamwambia yule kuku kwa sauti, "We kuku, watu wengine hawana haya. Wangebaki nyumbani wenzao wakapanda."

Kija akainama kwenye kikapu. "Kuku wangu," akasema, "mwambie aliyekubeba kwamba alinipigia makofi nikitengwa. Na mwambie shikamoo." Watu wakauma midomo wasicheke, maana kucheka naye pia ni kosa. Nilirudi nyumbani nikamchinja yule kuku kwa hasira.

Ikaendelea hivyo masika yakapita, sisi tukifika kituoni kila mara tukitumaini siku hiyo hatapanda. Kila siku ya treni anatusalimia wote, mmoja mmoja, na anajibiwa na kimya chetu, kisha anapanda. Aliyemsemesha ni Venant peke yake, kwa kuwa hukumu yetu haikumhusu. "Leo hupigi yowe, mama?" anamwuliza huku anampokea baiskeli. "Leo sina sababu, baba." Yule aliyekaribia kuuawa kwa yowe lake alikuwa anamwitikia, na sisi watu wa ukoo tunatazama reli. Hilo liliniuma na sikupenda kwamba limeniuma. Na Kija alikonda. Usiku mmoja nyumba yake ilikosa moto, na hakuna aliyempelekea kaa. Nilijua. Asubuhi alipita kwangu, "Shikamoo, wifi," sauti imekauka, na shikamoo ile nikaimeza kama mwiba wa sato.

Angeweza kuyamaliza. Dume moja na neno moja, "nilidanganya." Niliomba Mungu Kija aliseme. Lakini akilisema, treni inakuwa haikuibiwa, na reli wana haki ya kuichukua tena. Hilo alilijua yeye, na alikuwa tayari kufa kimya kimya nalo.

Ndalahwa akapandisha nauli. Akapandisha tena. Tenga langu moja likakaliwa na abiria, nikafika Mkuyuni na rojo. Rimu ya Shimba ikapinda. Tukanung'unika, tukalipa.

Kisha Venant akatuambia kutoka dirishani, na safari hii hakuwa anasoma. Alionekana kama mtu aliyechoka. "Ndugu zangu, ofisini wanasema abiria wa Mwabalebi ni mmoja. Hii ya leo ni ya mwisho. Kesho kutwa treni itapita bila kusimama." Akagonga ubavu wa behewa. "Hamsikii?"

Tulisikia. Jukwaa zima lilikuwa limejaa watu na baiskeli na matenga, kama Kija alivyotaka siku zote, na hakuna aliyesogea. Kija alikuwa ameshapanda. Shimba alikuwa ameshika baiskeli yake na rimu iliyonyooshwa kwa nyundo, anatazama chini. Nikageuza uso, nikamwona Ndalahwa. Ameegemea basi lake kule barabarani, anachokonoa meno kwa njiti. Hakuwa hata na haraka. Alikuwa ameshatuhesabu.

Mimi nina chuki nyingi, namshukuru Mungu, hazijawahi kuniishia. Lakini siku ile niliona nimempa Kija fungu lisilokuwa lake, bali la Ndalahwa. Damu ikanipanda kichwani. Nikainua matenga yangu, nikaacha baiskeli kwa Venant, nikakanyaga ngazi ya behewa.

"Teodora!" Shimba akapaza sauti. "Ukipanda umejitenga!"

"Nitengeni basi!" nikamwambia. "Mnitenge na nyanya zangu! Mkimaliza mtengane ninyi kwa ninyi, mbaki na Ndalahwa awaoe!"

Ndani, behewa lilikuwa tupu. Viti vyote vile vya mbao na mtu mmoja dirishani. Alikuwa amenyoosha mguu wake mbovu katikati ya njia kama mwenye nyumba, na kichwa amegeuzia nje, upande usio na watu. Mikono yangu ilikuwa imejaa, sikuweza kupita.

"Sogeza huo mguu wako," nikasema. "Unaziba njia."

Hilo ndilo neno la kwanza ambalo mtu wa Mwabalebi alimwambia Kija tangu masika. Akageuka. Akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauvuta taratibu chini ya kiti. Mdomo ulikuwa unamtetemeka, ule mdomo.

"Shikamoo, wifi," akasema.

Huko nyuma nikasikia matenga yanagonga ngazi, mtu anamwambia mwenzake asogee, Shimba anamgombeza Venant aiweke vizuri baiskeli yake.

"Marahaba," nikamwambia. "Shika hili tenga, lisianguke."

Akalipokea, akalikumbatia mapajani, na akalia kuanzia pale mpaka Mwanza Kusini. Machozi yake yalilowesha nyanya zangu zote, na sikumwambia anyamaze.